Mbawakavu Walioletwa kwa Makusudi

Kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa, Mama Alizeti alifagia chumba cha mbele. Jina hilo alipewa na wateja, na lilimkaa vizuri. Yeye na mumewe walikuwa na mashine ya kukamua mafuta ya alizeti. Mashine ilikaa chumba cha mbele, wao wakakaa vyumba vya nyuma. Ukivuka kibaraza cha kufulia nguo unaingia kwenye shamba lao. Halikuwa shamba kubwa. Lakini mbegu zake zilijaa mafuta kuliko mbegu zote walizonunua kwa watu.

Mumewe aliitwa Fundi. Aliijua mashine yake ndani na nje. Ikibadilisha mlio kidogo tu, alisema, "Leo imeamka vibaya," akaenda kutafuta spana. Dada yake Fundi naye alikuwa akifanya kazi pale. Alichekecha mbegu na kujaza mafuta kwenye chupa. Mama Alizeti alimwita wifi, na waliishi vizuri, ila wifi huyu alikuwa na mdomo.

"Mdomo wa dada yangu hauna mlango," Fundi alikuwa akisema. "Hata ukiwa na mlango, ataupoteza ufunguo."

Pembeni mwa shamba kulikuwa na kiwanja kitupu. Zamani watu walichimba mchanga pale, kisha wakakiacha. Likaota gugu ambalo hakuna aliyelipanda. Majani yake yalikatikakatika kama ya karoti. Maua yake yalikuwa madogo na meupe, kama chenga za mchele. Watu waliliita gugu karoti. Lilijaa kiwanja kizima, likapanda mpaka kiunoni. Wifi aliyapenda maua yale. Alikata shada, akaliweka kwenye kopo juu ya meza ya kuuzia mafuta.

Fundi alianza kujikuna. Kwanza shingo, kisha mikono, kisha kope za macho. Halafu kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Mama Alizeti alidhani ni vumbi la maganda ya mbegu. Alimfunga kitambaa puani. Hakikusaidia kitu.

Siku moja Fundi alichoshwa na ule msitu. Akaingia kiwanjani, akang'oa magugu kwa mikono mitupu tangu asubuhi mpaka jua la mchana. Alirudi ndani akiyumba. Mikono ilikuwa imevimba na ngozi imepasuka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, viwiko juu ya magoti. Kila pumzi aliivuta kwa shida.

"Lala kidogo," mkewe alimwambia.

"Nikilala nitazama," Fundi alisema.

Mama Alizeti alikaa chini karibu na miguu yake. Alimsikiliza akipumua. Kila pumzi ilipochelewa, na yeye alizuia yake. Hali ilipotulia kidogo, Fundi alisema jambo ambalo mkewe alikuwa akiliogopa.

"Mashine hii itaniua. Labda tuiache."

Mama Alizeti alimfuta jasho usoni. Wakiiacha mashine, watakula nini? Wasipoiacha, atabaki na nani?

*

Fundi alikuwa bado hajapata nguvu wakati gari la idara ya kilimo liliposimama kiwanjani. Wifi alikuwa wa kwanza kuliona. Alitoka mbio, akarudi mbio zaidi.

"Wifi, njoo uone maajabu. Kuna watu wanamwaga wadudu."

"Wanamwaga nini?"

"Wadudu. Wazima. Wamewaleta kwenye ndoo, wanawamwaga kwenye magugu kama watu wanaolisha kuku."

Mama Alizeti aliacha kufagia. Alipokuwa msichana, viwavi waliingia shamba la mahindi la baba yake. Waliingia mwanzo wa juma. Juma lilipokwisha, shambani vilibaki vijiti. Alimwona baba yake amesimama katikati ya vijiti vile. Tangu siku hiyo, akiona jani limetobolewa, moyo humwenda mbio.

Alikwenda kiwanjani akiwa na ufagio mkononi bila kujua. Pale alimkuta bibi shamba, ofisa wa idara ile. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya mpira na glavu. Alikuwa amekunja mgongo, akikung'uta ndoo taratibu juu ya majani. Mama Alizeti aliwaona wadudu wenyewe. Walikuwa wadogo, wa mviringo, kama punje za dengu. Migongo yao ilikuwa na rangi ya maziwa, yenye milia ya hudhurungi.

"Shikamoo, mama," Mama Alizeti alisema. "Hawa ni nini?"

"Marahaba. Ni mbawakavu wa majani. Chakula chao ni gugu hili. Tulikuwa na mkutano kuhusu jambo hili, hukuja?"

"Nilikuwa nauguza."

"Pole sana. Basi nikueleze. Gugu karoti limetushinda. Tukifyeka, linaota tena. Mbegu zake ni nyingi mno. Hawa wanakula majani na vichipukizi, linashindwa kutoa maua. Lisipotoa maua, halitoi mbegu."

"Na wakilimaliza watakula nini?"

Bibi shamba aliweka ndoo chini. "Wengine watakufa. Wengine wataingia ardhini walale mpaka mvua."

"Hiyo ni alizeti yangu," Mama Alizeti alisema, akaonyesha kwa ufagio. "Iko hapo hapo. Mdudu mwenye njaa hatachagua."

"Mbawakavu huyu huchagua. Hata wewe ukiwa na njaa huwezi kula mchanga."

"Mchanga siwezi. Lakini ugali wa jirani naula."

Wenzake bibi shamba walicheka. Mama Alizeti hakucheka. Bibi shamba alimpa namba yake ya simu. "Ukiona jambo lolote, nipigie. Usipulizie dawa kabla hujanipigia."

*

Kuanzia hapo Mama Alizeti hakuwa na raha. Kila asubuhi alipita kwenye mistari ya alizeti, akigeuza majani. Kisha alisimama ukingoni mwa shamba akiangalia kiwanja. Mwanzoni wadudu walipotea machoni. Halafu aliona mayai ya rangi ya chungwa chini ya majani ya gugu karoti. Mayai yakawa vibuu. Vibuu wakala, wakaingia ardhini, wakatoka wakiwa mbawakavu. Wakawa wengi. Akisimama kimya, alihisi kama anasikia majani yakitafunwa.

Wifi naye hakumsaidia. Kila mteja aliyeingia alipata habari.

"Wamemaliza upande wa barabarani," alimwambia mmoja. "Wakitoka hapo, ni sisi. Nguo zenyewe naogopa kuanika."

"Wifi, tafadhali," Mama Alizeti alisema.

"Nasema ninachokiona."

Magugu mengi yakabaki mashina. Ila upande mmoja wa kiwanja yalikuwa bado yana maua, na upepo ulivuma kutoka huko. Fundi alizidiwa tena. Safari hii midomo yake ilibadilika rangi, na hakuweza kumaliza sentensi. Mama Alizeti na wifi walimpeleka zahanati wakimshika huku na huku. Huko alipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akapata nafuu. Daktari akawaambia wamrudishe siku iliyofuata, azungumze naye kwa kirefu.

Asubuhi yake, kabla ya kwenda zahanati, Mama Alizeti alipita shambani kama kawaida. Akasimama. Mkono wake ulikuwa umeshika jani la alizeti. Juu ya jani kulikuwa na mbawakavu. Mwenye milia. Aligeuza jani la mche wa pili, akaona wawili. Mche wa tatu, tena. Majani yalikuwa yametobolewa. Mengine yalikuwa na matundu makubwa kama ya kidole gumba.

Alimwona baba yake katikati ya vijiti.

Jirani yao wa upande wa pili alilima nyanya, na watu walimwita Bwana Nyanya. Alikuwa shambani kwake, akamwona.

"Shemeji, vipi? Umeona nyoka?"

"Wameingia."

Bwana Nyanya aliruka mtaro, akaja kutazama. Alitikisa kichwa. "Nilisema mimi. Wanaleta wadudu, halafu wanapanda gari wanakwenda zao. Ngoja."

Alirudi na bomba la kupulizia mgongoni na chupa mkononi. Karatasi ya chupa ilikuwa imebanduka zamani.

"Hii ni kali," alisema. "Nilibakiza. Haichagui mdudu. Puliza shamba, puliza na kiwanja chote. Wakimaliza alizeti yako, watakuja kwenye nyanya zangu."

"Ni dawa gani?"

"Jina nimesahau. Kazi yake sijasahau."

Mama Alizeti alibeba bomba mpaka kibarazani. Alijaza maji. Alifungua chupa. Harufu ilimpanda kichwani, macho yakatoa machozi. Papo hapo, ndani ya nyumba, Fundi alikohoa. Alikohoa tena, kwa muda mrefu, kikohozi cha mtu anayetafuta hewa.

Wifi alitokea mlangoni. Kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno mengi.

"Wifi, ni nini hicho? Harufu yake imemfikia kaka kitandani. Na dirisha lake linatazama shambani."

Mama Alizeti alifunga chupa. Mfuniko ulikataa kushika, akaubana kwa nguvu zote. Akamwaza mumewe. Akaiwaza alizeti. Hakujua ni kipi atakipoteza kwanza. Alikaa kwenye ngazi, akatoa simu.

"Uliniambia nipige," alisema. "Wameingia. Wako kwenye alizeti yangu."

Alitegemea kubishiwa. Bibi shamba alisema tu, "Usiguse kitu. Ninakuja."

*

Bibi shamba alifika na pikipiki. Hakupoteza muda na salamu ndefu. Aliingia kwenye mistari, akainama. Mama Alizeti alimfuata nyuma, mikono ameikunja kifuani.

"Kweli wapo," bibi shamba alisema. "Na wamekula. Tazama hapa ukingoni. Wamemega."

Mama Alizeti alihisi machozi. "Ulisema hawatakula."

"Nilisema hivyo, na nilisema kwa haraka. Sitakudanganya tena. Alizeti na gugu karoti ni ukoo mmoja, ndugu wa mbali. Wadudu wakiwa wengi na magugu yakiisha, wengine hutangatanga. Hupanda kwenye alizeti, humega kidogo. Sugua jani hili kwa kitambaa chako."

Mama Alizeti alisugua. Kitambaa kilipata vumbi jepesi.

"Huo ni unga wa maua ya gugu, chavua. Umeletwa na upepo. Mbawakavu husikia harufu yake, akadhani amefika nyumbani. Anaonja. Sasa geuza jani. Unaona mayai?"

Mama Alizeti aligeuza jani moja, na jingine, na jingine. Hakuona mayai.

"Huyu hatagi hapa," bibi shamba alisema. "Watoto wake hawawezi kukua kwenye alizeti. Mdudu asiyeweza kuzaa shambani kwako ni mpita njia."

"Na matundu haya makubwa?"

Bibi shamba alitembea polepole, akipapasa majani. Ghafla akafumba kiganja. Alipokifumbua kidogo, ndani kulikuwa na panzi mnene wa kijani.

"Mwenye matundu makubwa ni huyu. Amekula siku zote, ila hukumwogopa kwa kuwa hukumwona akiletwa kwa ndoo."

Mama Alizeti alimtazama panzi. Alitaka kuamini, lakini hofu ya miaka mingi haitoki kwa maneno.

"Na ukiwa umekosea?"

"Basi tusitegemee maneno yangu. Una chandarua kikuukuu?"

Walichukua mabeseni mawili. Katika moja waliweka mche wa alizeti uliochomolewa na udongo wake, katika jingine mche wa gugu karoti ambao haujatoa maua. Bibi shamba alivaa glavu kabla ya kulishika gugu. Walitia mbawakavu kila upande, wakafunika kwa vipande vya chandarua.

"Angalia mwenyewe kila siku," bibi shamba alisema. "Wakimaliza alizeti ile, nipigie. Nitakuja na bomba langu, na dawa yenye jina."

Aliichukua chupa ya Bwana Nyanya, akaifunga kwenye mfuko. "Hii inakwenda ofisini kwetu. Dawa isiyo na karatasi hujui inaua nini. Pengine inamuua anayepuliza. Dawa kama hii usiimwage mtaroni, na chupa yake isiwekwe maji wala mafuta."

Alipoingia ndani kunawa, alimwona Fundi amekaa kitandani, mikono imepasuka.

"Baba, uliling'oa gugu lile kwa mikono?"

"Nililing'oa," Fundi alisema. "Likanijibu."

Kupitia mlango wa chumba cha mbele, bibi shamba aliiona meza ya kuuzia. Shada jipya la maua meupe lilikuwa kwenye kopo. "Na hili nani kaliweka humu?"

Wifi alinyanyua mkono kama mtoto wa shule.

"Litoe. Lifunge kwenye mfuko taratibu, usilikung'ute. Watu wengi hulipita gugu hili bila kudhurika, lakini wengine miili yao inalikataa. Ngozi inawaka, kifua kinabana. Mkienda kwa daktari, mwelezeni hivyo."

Wifi alilitoa kopo akilishika mbali na mwili wake. "Na mimi nililiwekea maji safi kila siku," alisema kwa huzuni.

*

Daktari alisikiliza kifua cha Fundi, akaitazama mikono yake, akasikiliza habari ya gugu. Alisema Fundi ana pumu, na chavua ya gugu karoti inaiamsha. Alimwonyesha namna ya kuvuta dawa, akampa mafuta ya kupaka. "Asiling'oe yeye tena," alimwambia mkewe. "Hata kwa glavu. Na midomo ikibadilika rangi, au akishindwa kuongea, mlete mara moja. Usingoje."

"Kwa hiyo si mashine?" Mama Alizeti aliuliza.

"Vumbi si zuri kwa pumu, aendelee kufunika pua. Lakini akikaa mbali na gugu lile, atapata nafuu."

Waliporudi, Mama Alizeti alimpelekea Bwana Nyanya bomba lake.

"Hukupuliza?" Bwana Nyanya alikasirika. "Sawa. Wakifika kwangu, hasara ni yako."

Maneno yale yalimchoma. Kila siku alipiga magoti mbele ya mabeseni. Kwenye beseni la gugu, majani yalikuwa yakiisha, na mayai yalionekana. Kwenye beseni la alizeti, mbawakavu walipanda chandarua wakitafuta njia ya kutoka. Jani lilimegwa kidogo pembeni. Hapakuwa na yai. Baada ya siku kadhaa wengine walikuwa wamelala chini, miguu juu. Mche wa alizeti ulikuwa umesimama.

Mama Alizeti alimwita Bwana Nyanya aje kuona. Alikuja amenuna. Alikaa mbele ya mabeseni muda mrefu.

"Shemeji," alisema mwishoni, "huyu mdudu ana madaha kuliko mama mkwe wangu. Amewekewa chakula, anakufa na njaa."

Lakini kazi ilikuwa bado. Bibi shamba alirudi akawaonyesha namna ya kuling'oa gugu pale ambapo wadudu hawakufika. Mama Alizeti, wifi, Bwana Nyanya na majirani wengine walivaa mikono mirefu, glavu na vitambaa puani. Waling'oa miche michanga, kabla ya maua, udongo ukiwa na unyevu, ili mizizi itoke yote. Magugu yenye maua waliyafunga kwenye mifuko bila kuyatikisa. Hawakuyachoma, kwa sababu moshi wake nao hubana kifua. Wala hawakuwapa mbuzi, kwa sababu gugu hilo hutia maziwa uchungu.

"Ndiyo maana maziwa ya mbuzi wangu yamekuwa machungu," Bwana Nyanya alisema. "Nami nilimgombeza mke wangu kwamba haoshi kopo."

Palipobaki wazi walipanda nyasi, gugu lisipate nafasi. Fundi alikaa kwa dada wa mkewe, mbali na pale, mpaka kazi ikaisha.

Kiangazi kikaja, mbawakavu wakatoweka wote. Mama Alizeti aliogopa upya. Alijua wamelala chini ya ardhi, karibu kabisa na shamba lake. Mvua za kwanza ziliponyesha, alizeti mpya ilikuwa na majani manne tu, laini. Alitoka mapema, roho juu. Mbawakavu walikuwa wametoka. Walitambaa kwenye udongo uliolowa, wengine katikati ya mistari yake. Alijikaza asiwakanyage. Mmoja alipanda kwenye mche wa alizeti, akagusa jani kwa vipapasio vyake, akashuka. Aliendelea kutambaa kuelekea kiwanjani, ambako miche ya gugu karoti ilikuwa ikichungulia juu ya udongo.

Mwaka ule gugu lilitoa maua machache sana, pembezoni mwa barabara. Wao wakaling'oa mapema. Alizeti ikakomaa, vichwa vikainama kwa uzito. Mashine ilifanya kazi msimu mzima, Fundi akiwa pembeni yake na kitambaa chake puani.

Mchana mmoja, baada ya kazi, Fundi alijinyoosha juu ya magunia akalala. Alilala chali. Mama Alizeti aliingia kutoka shambani, akasimama. Alisikiliza. Chumba kilikuwa kimya. Hakusikia filimbi wala mkwaruzo. Alikwenda haraka, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kifua cha mumewe.

Kifua kilipanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

Fundi alifungua jicho moja. "Unatafuta nini?"

"Nilikuwa nasikiliza unavyopumua."

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Basi niache nilale," Fundi alisema, akageukia ukutani.

Mama Alizeti hakuondoa mkono wake mara moja.